Daktari wa Mifugo au Mtaalamu Msaidizi? Tuache Kuwahukumu Vijana Wetu



Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, nyumba nyingi hapa Mlandizi hugeuka mahakama. Kijana huketishwa mbele ya baba, mama, wajomba na mashangazi, na kosa analoshitakiwa ni kusema kwamba anapenda mifugo. Akitamka kuwa anataka kuwa daktari wa mifugo, huulizwa kwa nini asiwatibu binadamu kama kweli ana akili. Akitamka kuwa anataka kusomea stashahada ya afya ya mifugo, awe yule ambaye sisi watu wa zamani tunamwita bwana mifugo, huulizwa kwa sauti ya msiba: "Kwani umefeli?" Hukumu husomwa siku hiyohiyo, na mara nyingi haina rufaa.

Tafakari ya juma hili ni ya kuipinga hukumu hiyo. Nina mambo mawili ya kusema, nami nayasema tangu mwanzo ili asiwepo wa kunielewa visivyo. La kwanza: stashahada ya afya ya mifugo si kapu la kutupia walioshindwa, na mzazi anayeifanya hivyo anamdhulumu mwanawe na kuidhulumu wilaya yake. La pili: mtaalamu msaidizi si daktari, na jamii inayomwita daktari kwa nia ya kumpamba inamtegea mtego yeye, na kujitilia sumu katika maziwa yake yenyewe. Mambo haya mawili hayagombani. Yote yanachipua katika mzizi mmoja, nao ni tabia yetu ya kuchagua cheo kabla ya kuchagua kazi.

Tuanze na sheria, kwa kuwa wengi hubishana juu ya jambo hili pasipo kuijua. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 ndiyo iliyoweka Baraza la Veterinari Tanzania na kupanga makundi ya watu wanaoruhusiwa kuwahudumia wanyama. Daktari mwenye shahada husajiliwa. Mwenye stashahada huandikishwa. Mwenye astashahada huorodheshwa. Maneno hayo matatu yamewekwa kwa makusudi, na kila moja lina mipaka yake. Daktari ndiye anayebeba dhamana ya mwisho ya kuutambua ugonjwa, kuandika dawa na kufanya upasuaji. Mtaalamu msaidizi hufanya kazi chini ya usimamizi wake. Sheria haikusema kuwa mmoja ni mtu zaidi ya mwenzake. Imesema tu ni nani atakayeulizwa jambo likiharibika.

Njia za kuyafikia makundi hayo nazo zinajulikana. Anayetaka udaktari kwa kawaida hupita kidato cha tano na sita, na nguzo yake ni ufaulu mzuri wa Biolojia na Kemia. Kisha husoma miaka mitano ya shahada ya tiba ya wanyama, na kwa miongo mingi nyumba ya masomo hayo katika nchi yetu imekuwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, yaani SUA, kilichoanzishwa mwaka 1984 na kupewa jina la Hayati Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki katika ajali ya gari mwezi Aprili mwaka huohuo. Jumla, tangu kidato cha nne, ni kama miaka saba. Anayetaka stashahada huweza kuanza moja kwa moja baada ya kidato cha nne, akapanda ngazi za elimu ya ufundi hadi ile ya 6, na kwa kawaida huhitimu baada ya miaka mitatu. Vyuo vya Serikali vya fani hiyo viko chini ya wakala uitwao LITA, ulioundwa mwaka 2011, wenye kampasi Tengeru, Mpwapwa, Buhuri, Madaba, Mabuki, Temeke, Morogoro na kwingineko.

Kwa kijana wa Mlandizi, jambo hili lina upande wa kuchekesha kidogo. Akipanda basi la Morogoro hapa kwetu, basi hilohilo litamfikisha mji wenye SUA na wenye kampasi ya LITA. Barabara ni moja na nauli ni moja. Kinachotofautiana ni miaka atakayokaa huko, gharama itakayoiangukia familia, na kazi itakayomsubiri siku atakaporudi. Juu ya hiyo kazi ndipo wazazi wangepaswa kuuliza, na ndipo wasipouliza kabisa.

Basi na tuiangalie. Wilaya yetu ya Kibaha inawalisha watu wengi kuliko inaowahesabu. Mabanda ya kuku yametapakaa kuanzia Kibaha mjini hadi vichochoro vya Mlandizi, na mayai yake huingia Dar es Salaam kila alfajiri. Upande wa Magindu na Gwata kuna makundi makubwa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Bonde la Ruvu huvuta wafugaji wakati wa kiangazi, na tangu wafugaji walipoondolewa Ihefu na Usangu mwaka 2006 na wengi kuelekezwa kusini na mashariki, mkoa wa Pwani umekuwa na mifugo mingi kuliko wazee wetu walivyozoea kuiona. Haya ndiyo mazingira atakayoyakuta kijana wetu, awe na shahada au stashahada.

Mtaalamu msaidizi anayehudumu katika kata hufanya nini? Huchanja kuku dhidi ya kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Husimamia josho ili dawa ya kupe isiwe nyepesi mno ikakosa kuua, wala nzito mno ikamdhuru mnyama. Hukagua nyama alfajiri kabla haijatundikwa buchani. Huhimilisha ng'ombe wa maziwa, huhasi, huosha vidonda, hutoa dawa za minyoo. Huitwa usiku wakati ndama amekwama, naye huamua kama atamudu mwenyewe au atampigia daktari. Huchukua sampuli ya damu na kuipeleka maabara. Huandika taarifa inayopanda hadi wilayani. Jamii isiyokuwa na mtu huyu haijui inakula nini.

Na daktari hufanya nini? Hufanya yale ambayo mtaalamu msaidizi hakufundishwa na hapaswi kuyajaribu. Humpasua ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Hufungua mzoga na kusoma ndani yake ni ugonjwa gani ulioua, ili wengine thelathini waliobaki zizini wapone. Huamua dawa ipi itumike, kwa kipimo gani, na kwa siku ngapi maziwa yasinywewe. Hushauri mnada ufungwe na karantini itangazwe, uamuzi unaowagusa watu kwa maelfu na unaohitaji moyo wa kustahimili lawama. Katika maabara na viwanda vya chanjo, yeye ndiye anayeuliza kwa nini chanjo iliyofaa mwaka jana haifai mwaka huu. Kazi hizi zinadai miaka ile saba. Anayezitaka asitafute njia ya mkato, kwa kuwa haipo.

Ndugu zangu, ushahidi kwamba kazi hizi mbili hazipandani mgongoni bali zinashikana mikono hauko mbali. Hapo Kibaha kuna Taasisi ya Chanjo, iliyo chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Hutengeneza, pamoja na chanjo nyingine, ile ya kideri inayostahimili joto, ambayo mbegu yake asili ilitoka Australia. Chanjo hiyo haina makuu: tone moja katika jicho la kuku, na kurudia kila baada ya miezi mitatu. Kuitengeneza kunahitaji madaktari na wanasayansi waliosoma kwelikweli. Lakini tone halijidondoshi lenyewe. Sharti awepo mtu wa kuzunguka banda kwa banda, anayejua kumshika kuku bila kumvunja bawa, anayeaminiwa na mama mwenye kuku kumi kiasi kwamba atamfungulia banda alfajiri. Kiwanda kisicho na mkono wa mwisho ni ghala la chupa.

Lakini ushahidi mkubwa kuliko wote ni habari ya sotoka. Ugonjwa huo uliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya kumi na tisa ukateketeza ng'ombe na kuwaacha Wamaasai na jamii nyingine katika njaa isiyosahaulika. Daktari Mwingereza Walter Plowright, akifanya kazi Muguga nchini Kenya, alitengeneza chanjo madhubuti yapata mwaka 1960, na mwaka 1999 alitunukiwa kwa kazi hiyo Tuzo ya Chakula Duniani. Hata hivyo, miaka mingi baada ya chanjo kupatikana, sotoka iliendelea kuua. Kwa nini? Kwa sababu chanjo ilihitaji barafu, na barafu haikufika kwa wafugaji wa Karamoja, wa Afar kule Ethiopia, na wa Sudan ya kusini. Ilibidi daktari mwingine, Mmarekani Jeffrey Mariner, na wenzake watengeneze chanjo inayostahimili joto, kisha wafugaji wenyewe wafundishwe kuchanja, watu wasiokuwa na shahada wala stashahada. Hapo ndipo ngome za mwisho zilipoanguka. Kirusi kilionekana kwa mara ya mwisho mwaka 2001 nchini Kenya, na mwaka 2011 dunia ikatangaza kuwa sotoka imekwisha. Baada ya ndui kwa binadamu, huo ni ugonjwa wa pili katika historia kufutwa kabisa juu ya uso wa dunia. Nani aliyeufuta? Daktari aliye maabara pekee alishindwa. Mchanjaji asiye na chanjo asingeweza kuanza. Anayetaka kuwapanga watu hawa juu na chini ajaribu kwanza kuutoa mmoja wao katika habari hii, aone kama itasimama.

Na kama habari hiyo ni ya mbali, tukumbuke ya karibu. Mwishoni mwa mwaka 2006 na mwanzoni mwa mwaka 2007, baada ya mvua nyingi, Homa ya Bonde la Ufa ililipuka Kenya na kuingia Tanzania, ikafika hadi Dodoma na Morogoro. Katika nchi yetu watu zaidi ya mia moja walipoteza maisha. Ugonjwa huo hupiga hodi kwanza zizini: mbuzi na kondoo hutupa mimba kwa mkupuo, na watoto wao hufa wengi kwa pamoja. Anayeiona ishara hiyo mapema ni mfugaji, na baada yake ni mtaalamu wa kata. Anayethibitisha ni maabara. Anayetoa amri ni daktari. Kiungo kimoja kikikatika katika mnyororo huo, habari huifikia Serikali kupitia hospitali za binadamu, na wakati huo tumeshachelewa.

Sasa nawageukia wazazi, maana najua hoja zenu, nami sizidharau.

Hoja ya kwanza ni ya mshahara. Mnasema daktari hulipwa zaidi, na ni kweli. Lakini mnalinganisha mshahara wa daktari aliyeajiriwa na wa msaidizi aliyeajiriwa, mkisahau kwamba ajira za Serikali zimekuwa haba kwa wote wawili, na kwamba miaka minne ya tofauti ni miaka ambayo mwenye stashahada anaweza kuwa anafanya kazi, anajenga jina na kukusanya wateja. Kijana anayejua kuchanja na kuhimilisha, aliye na pikipiki na kijokofu cha kubebea chanjo, hakai bure katika wilaya yenye mabanda ya kuku kama yetu. Sisemi atatajirika. Nasema asiambiwe kuwa amechagua njaa.

Hoja ya pili ni ya heshima, na hii ndiyo inayowauma hasa, ingawa mnaitaja mwisho. Mnataka mtoto atakayeitwa "dokta" siku ya harusi. Ndugu zangu, heshima inayotegemea neno moja mbele ya jina ni nyepesi kuliko nyasi. Mtazameni mfugaji wa Magindu ambaye ng'ombe wake wameanza kukohoa na kukonda, naye anahofia homa ya mapafu. Jina la shahada halimpunguzii hofu. Anamtazama nani? Anamtazama aliyefika.

Hoja ya tatu ni ya kikomo: kwamba mwenye stashahada atabaki hapohapo maisha yake yote. Hoja hii ni hafifu kuliko zote, kwa kuwa mwenye stashahada mwenye ufaulu mzuri anaweza kuomba kujiunga na shahada. Anayepita njia hiyo hutumia miaka zaidi, lakini huingia darasani akiwa amekwisha kushika ng'ombe elfu, na ujuzi huo haununuliwi. Hata hoja ya ada imepungua nguvu kidogo, maana tangu mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo ya Serikali imeanza kutolewa pia kwa baadhi ya stashahada, za kilimo na mifugo zikiwemo.

Baada ya kuwaambia wazazi hayo, nageukia upande wa pili, ambako huenda nikapoteza marafiki.

Hapa kwetu, mtu yeyote mwenye sindano na chupa ya dawa huitwa daktari. Muuza duka la dawa za mifugo ni daktari. Kijana aliyeacha chuo mwaka wa kwanza ni daktari. Na mwenye stashahada, ambaye anajua vyema kuwa si daktari, husikia akiitwa hivyo, akatabasamu, akanyamaza. Mwaka wa kwanza hunyamaza kwa aibu. Mwaka wa tatu hunyamaza kwa mazoea. Mwaka wa tano hukasirika asipoitwa hivyo. Na kwa kuwa ameitwa daktari, hulazimika kutenda kama daktari. Hatasema "sijui." Hatasema "huyu anahitaji upasuaji, subirini nimpigie anayehusika." Atachoma oksitetrasaiklini, maana ndiyo iliyo mfukoni, nayo huwa inafaa mara nyingi kiasi cha kumpa mtu ujasiri asiostahili.

Matunda yake tunayala sote. Dawa ikichomwa pasipo sababu, vimelea hujifunza kuishinda, na usugu huo hauna mpaka kati ya zizi na wodi ya hospitali. Ng'ombe aliyechomwa dawa jana akikamuliwa leo, masalia yake yamo katika chupa ya maziwa anayonyweshwa mtoto. Kuku aliyepewa dawa juzi na kuuzwa leo kwa sababu mwenye banda anataka ada ya shule, anaipeleka dawa hiyo mezani kwa mtu mwingine. Mwenye taaluma husema: ngoja siku kadhaa zipite. Anayejifanya mwenye taaluma hasemi hivyo, kwa kuwa mteja atakasirika. Kwa hiyo kumwita mtu daktari wakati si daktari si ukarimu. Ni kumwondolea ruhusa ya kusema "hapa ndipo mwisho wangu," na mtaalamu asiyeweza kulisema neno hilo ni hatari kuliko asiyesoma kabisa.

Madaktari nao wasifurahi wakidhani mahubiri haya ni ya wengine. Sheria inasema mtaalamu msaidizi afanye kazi chini ya usimamizi wa daktari. Usimamizi huo uko wapi, ikiwa daktari haonekani katika kata kutoka Pasaka hadi Noeli? Kusimamia ni kupokea simu saa nane za usiku, ni kwenda kuona, ni kufundisha, ni kusahihisha bila kudhalilisha. Daktari anayeulinda mpaka wake kwa wivu lakini hataki kuvuka mto kwenda Magindu hana haki ya kulalamika kwamba waliobaki kule wameuvuka mpaka huo.

Na wenye kupanga bajeti za halmashauri nao wasikilize. Mwezi Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkoani Simiyu kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, itakayogusa ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku nchi nzima. Ni jambo jema, nasi tunalipongeza. Tanzania imehesabu ng'ombe zaidi ya milioni 36, na ni miongoni mwa nchi za mbele barani Afrika kwa wingi wa mifugo. Lakini kampeni hutembea kwa miguu ya watu. Wizara yenyewe imekiri mara nyingi kwamba maafisa ugani wa mifugo hawatoshi. Ukimwajiri mtu mmoja kwa kata nzima, ukamnyima pikipiki, mafuta na kijokofu, kisha ukamlaumu kwa kideri kilichoua kuku, umemtuma mtu kuteka maji kwa pakacha.

Kuna vijana wanaosoma mashauri kutoka Marekani na Ulaya juu ya swali hili, kisha wakachanganyikiwa. Kule, msaidizi hufanya kazi ndani ya hospitali ya wanyama, hatua chache kutoka alipo daktari. Humshikia mbwa, humpima paka, hutazama mashine wakati wa upasuaji. Akikwama, hugeuza shingo na kuuliza. Msaidizi wa kwetu hugeuza shingo akaona mbuga. Yeye na mfugaji na mnyama, na mtandao wa simu unaokuja na kuondoka. Kwa hiyo mtu asichague stashahada hapa kwetu kwa kudhani kwamba ni kazi nyepesi yenye mtu wa kujificha nyuma yake. Katika nchi yetu, anayeitwa msaidizi mara nyingi yuko peke yake, na upweke huo unadai moyo mkubwa na kujua mipaka kuliko kazi nyingi zenye majina marefu.

Basi, kijana uliye mbele ya fomu ya kuchagua tahasusi au chuo, nikuambie nini? Jiulize maswali yafuatayo, uyajibu kwa ukweli.

Je, unapenda kujua kwa nini mnyama amekufa, au unapenda kumzuia asife? Wote wawili wanahitajika, lakini wa kwanza atavumilia miaka saba ya vitabu, na wa pili huenda akachoka mwaka wa tatu. Je, Biolojia na Kemia zinakufungukia, au unazikariri tu ili mtihani upite? Je, uko tayari kubeba uamuzi utakaomfungia mfugaji mnada na kumkosesha fedha za mwaka? Je, unapenda kukaa kati ya watu wa kata moja miaka kumi hadi ujue jina la kila mwenye zizi? Na mwisho, ukiliondoa neno "dokta" katika mizani, mizani inaelemea wapi?

Ikiwa majibu yako yanakupeleka SUA, nenda SUA, na asikuzuie mtu. Nawaambia hasa wazazi wenye mabinti, mnaosema kwamba kushika pembe si kazi ya msichana: wanawake wanaitibu mifugo ya nchi hii sasa hivi mnaponisoma, na ng'ombe hajawahi kumwuliza yeyote jinsia yake. Pia nawaambia wale ambao, kwa kuogopa gharama, humsukuma mtoto mwenye kipaji cha wazi kuchukua stashahada "ili apate kazi haraka": hilo nalo ni dhuluma, dada wa ile dhuluma ya kwanza. Lakini ikiwa majibu yako yanakupeleka LITA, nenda LITA ukiwa umeinua uso. Usiende kama mtu aliyekosa basi la kwanza akaridhika na la pili. Nenda kama mtu aliyesoma kibao akapanda basi lake.

Sisi mapadre tumechangia kuliharibu neno "wito." Tumelitumia kwa seminari na nyumba za watawa, hadi watu wakadhani Mungu haiti mtu kwa jambo jingine. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi ya mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi haipimwi kwanza kwa aina yake, bali kwa kuwa anayeifanya ni nafsi, ni mtu. Tukiliamini hilo Dominika, tusilikane Jumatatu mtoto anapoleta fomu.

Wapendwa, juma hili fomu zikiwekwa mezani, ombi langu kwenu ni dogo. Kabla ya kumwuliza kijana "umepata daraja gani," mwulizeni "unataka kufanya kazi gani, na kwa ajili ya nani?" Kisha nyamazeni, mmsikilize hadi mwisho. Na ninyi wafugaji, bwana mifugo au bibi mifugo akifika zizini kwenu, mwiteni kwa jina lake na kwa cheo chake cha kweli, mlipeni haki yake, na akisema "hapa panahitaji daktari," msimwone ameshindwa. Mshukuruni. Ameifanya kazi yake.

Nawatakieni juma jema.